Visogo Viwili Vyeupe

Paukwa!

— Pakawa!

Hadithi iko mlangoni, niiingize?

— Iingize!

Siku hiyo walikuwapo Kuku, Kanga jirani yake, Kunguru wa shambani na Kunguru wa majabalini. Hakuwapo mwingine, maana Jogoo alikuwa safarini.

Hapo kale, kale sana, ndege walikuwa na mila. Mama akiatamia, mwanamume hamtazami. Mgeni hupiga hodi, huingia kinyumenyume, huweka alichobeba, na hutoka bila kugeuka. Kwa hiyo Kuku aliwajua wageni wake kwa visogo tu.

Kuku alikuwa na mayai matano. Kila asubuhi kisogo cheupe kiliingia.

"Hodi, shemeji! Pole na uzazi."

Huyo alikuwa Kunguru wa shambani, rafiki wa mumewe. Aliweka mtama karibu kabisa na mdomo wa Kuku, changarawe ameshaziondoa, ili mama asiinuke.

Siku moja, jua likiwa kali, kisogo cheupe kikaingia tena.

"Hodi, shemeji. Nenda kanywe maji, mimi nitakulindia."

"Mbona sauti yako imekwaruza?"

"Mafua, shemeji."

Kuku akaenda kunywa. Aliporudi, mgeni hayupo, na mayai ni manne.

Kesho yake mchana, kisogo kikaingia.

"Hodi, shemeji. Nenda kanywe maji."

"Mbona mkia wako leo mfupi?"

"Miiba, shemeji. Miiba ya huko shambani!"

Koo lilikuwa limemkauka, akaenda. Aliporudi, mayai ni matatu.

Kuku akalia. Kanga akaja mbio.

"Nani aliingia?"

"Kisogo cheupe."

"Si yule yule wa mtama? Shoga yangu, anakunenepesha huku anakufilisi! Tukamnyonyoe!"

Asubuhi Kunguru wa shambani alipoleta mtama, Kuku alimjibu kwa baridi: "Weka hapo, uende."

Kunguru akaweka taratibu. "Nimekukosea nini, shemeji?" Akatoka ameinamisha kichwa.

Kuku akautazama mtama. Hata leo haukuwa na changarawe. Akawaza: huyu huniletea ili nisiinuke. Yule wa mchana kila mara ananiinua. Mtu mmoja anawezaje kutaka mambo mawili?

Mchana, hodi! Kisogo cheupe.

"Shemeji, nenda kanywe maji."

"Nitakwenda. Geuka kwanza nikuone."

"Mwiko! Nimtazame mzazi, mimi?"

"Mwiko umewekwa kwa ajili yangu. Leo nauvunja mwenyewe. Geuka!"

Wakati huo huo, hodi nyingine mlangoni. Kunguru wa shambani alikuwa amerudi na maji kwenye kifuu, maana jua lilikuwa kali. Akaingia kinyumenyume kama mila ilivyo, na mgongo wake ukamgonga kifuani yule aliyekuwamo ndani, pu!

"Nani huyo?"

"Nani wewe?"

Kanga akasikia, akachungulia kwa nyuma, akashika kichwa. "Makubwa! Visogo viwili!"

"Geukeni wote!" Kuku akasema.

Wa shambani akageuka. Kifua cheupe, kama mtu aliyevaa fulana safi. Mdomo mwembamba.

Wa majabalini naye akageuka, kwa kulazimishwa na mdomo wa Kanga. Kifua cheusi ti! Mdomo mnene, na kwenye ncha yake kigamba cha yai la jana kimenata.

Wakamdonoa mpaka akarukia majabalini. Kigamba kile hakijabanduka hadi leo. Mtazameni.

"Nisamehe, shemeji," Kuku akasema.

"Kunywa kwanza," Kunguru akajibu, akisogeza kifuu.

Wanangu, mtu hajulikani kwa kisogo. Mwombe ageuke kabla hujamhukumu. Na mila inayomficha mwizi, mama ana haki ya kuivunja.

Hadithi imeshatoka, fungeni mlango.

— Tumefunga!

Yale mayai matatu yote yalitoa vifaranga.