Kiganja cha Mzee Mwinshehe

Tajiri Mwinshehe alileta gari la harusi ya bintiye kwa Kibwe, fundi rangi. "Nikikuta dosari hata moja, utahama. Banda hili ni langu."

Alirudi kukagua kabla Kibwe hajapaka vanishi ya kung'arisha.

"Tazama kote, mzee," Kibwe alisema, "ila hapa mlangoni usiguse, rangi mbichi. Naitwa fundi kwa heshima tu. Shati langu limepata rangi nyingi kuliko gari."

"Gari langu, halafu unikataze?" Tajiri akabandika kiganja palepale. Alama ikabaki mlangoni, naye akanywea.

"Inarekebishika?"

"Nitapiga msasa, nirudie rangi, ndipo nipake vanishi. Kesho jioni."

"Haya. Mke wangu, Mama Nasra, asijue tu."

Akaondoka ameficha mkono mfukoni, na kiganjani amebeba dosari yenyewe: inzi aliyenasa rangini pale mlangoni wakati Kibwe amesinzia mdomo wazi.