Kwa Nini Hadithi Kubwa Zinaanza Pamoja na Kuishia Mbalimbali

Kaa hapo. Hata kwenye ndoo sawa, igeuze tu. Simu weka chini, haitakimbia. Sikiliza.

Ukichukua vitabu vitakatifu vya watu mbalimbali, pamoja na zile tenzi ndefu za mashujaa wa kale, za huku kwetu na za ng'ambo, utakuta nyingi mwanzo zinafanana. Maji yanafunika nchi, watu wachache wanapona, halafu mtu anashuka kuzimu kumfuata mpendwa wake aliyekufa. Ila mwisho, kila watu wana wao. Kwa hawa marehemu anarudi, kwa wale harudi, kwa wengine anarudi nusu mwaka tu. Watu wanabishana nani kamwibia nani. Hakuna mwizi hapo. Ilikuwa hivi.

Zamani hizo hadithi ilikuwa moja tu, na aliyekuwa nayo ni Bibi Nyamizi wa kwenye ziwa la chumvi. Kila kiangazi makabila yote yalikuja pale kuchota chumvi na kuianika. Uwanja wa kuanikia ulikuwa mdogo, kwa hiyo wa mbali walipewa zamu ya kwanza, wakaondoka siku ya tatu kabla mvua haijajaza mito. Wa karibu walikaa mpaka siku ya saba. Muda wote huo bibi alikuwa anasimulia, kipande kimoja kila siku. Mwiko ulikuwa mmoja: hadithi isitangulie siku yake, la sivyo chumvi ya watu wote inageuka maji.

Mwaka mmoja akaja kijana anaitwa Jilala, kwao ni safari ya siku ishirini. Alishika nafasi ya kaka yake, Masunga, ambaye mwaka wa nyuma alichukuliwa na mto akirudi na mzigo. Mwili haukuonekana. Mama yao, Kabula, akakataa matanga. Kila akipika anampakulia Masunga kwanza, anakaa kukiangalia kile chakula mpaka kinapoa, na yeye hali. Alikuwa amebaki mifupa. Jilala alipofunga safari, mama akamwambia, "Huyo bibi wa chumvi anajua habari za waliokwenda na maji. Niletee."

Siku ya tatu hadithi ikafika pale mdogo mtu yuko mlango wa kuzimu, anamwona kaka yake aliyekufa kwa ndani. Hapohapo bibi akanyamaza, akaomba maji ya kunywa.

Jilala akamfuata. "Bibi, sisi tunaondoka sasa hivi. Niambie tu, alimtoa au hakumtoa?"

"Mjukuu wangu, hiyo ni ya kesho."

"Kesho mimi niko porini na gunia kichwani!"

"Sasa unataka chumvi ya watu wote hawa igeuke maji? Watakupiga mimi nikiangalia."

Kiongozi wa msafara naye akapiga kelele kule: "We Jilala! Ukibaki, mzigo wako anabeba nani, shangazi yako? Mto haungoji hadithi!" Jilala akatazama mawingu, akamkumbuka Masunga, akajitwika.

Alipofika nyumbani, mama hakuigusa hata chumvi. Alikuwa amekaa mbele ya lile bakuli, ugali umeshakauka juu. Akasema, "Simulia." Jilala akasimulia maji, akasimulia kushuka, akafika mlangoni.

"Akamtoa?"

Jilala akawaza. Akisema ndiyo, mama atapakua na kungoja mpaka afe. Akisema hapana tu, anaweza asiamke kesho. Akaliangalia lile bakuli.

"Kaka mtu alikataa, mama. Alisema, 'Mimi nimeshakula chakula cha huku, siwezi kurudi. Nenda kamwambie mama asinipakulie tena. Cha kwangu ale yeye.'"

 Mama akalivuta bakuli, akamega, akala ule ugali mkavu huku analia. Kesho yake akanyoa nywele, matanga yakawekwa.

Kiangazi kilichofuata Jilala alirudi ziwani, roho inamsuta. Akamweleza bibi yote. "Nimeharibu hadithi yako. Sasa niambie ukweli, mwisho wake ni upi?"

Bibi Nyamizi akacheka mpaka akakohoa. "Mimi nilipewa na mama yangu. Na mama yangu alikuja hapa mara moja tu, na msafara wa watu wa mbali, akaondoka siku ya tatu kama wewe. Siku zote zinazofuata, mjukuu wangu, nilizitunga mwenyewe. Nilikuwa na mtu wangu wa kumngoja."

Na tangu siku hiyo, kila msafara ulipojitwika mizigo, bibi aliuambia, "Nilipoishia, malizieni wenyewe, na muangalie nyumbani anayewauliza ni nani." Wakaenda, kila watu na njia yao. Ndiyo maana mpaka leo hadithi kubwa za dunia zinatoka mlango mmoja, na hazifiki nyumba moja.

Sasa wewe. Gunia umetua, bakuli liko pale, mama yako anakutazama, anauliza, "Akamtoa?" Ungemjibu nini?