Mtamba Mmoja, Kamba Tatu

Hapo zamani, si zamani sana maana umeme wa jua ulikuwa umeshafika, Bi Zamoyoni alisimamia tangi la kupozea maziwa ya kijiji kizima. Na kijiji chenyewe kilimchosha!

Fundi Mbwambo aliwafungia kisanduku kwenye chumba cha betri. Kilipima umeme wa kila nyumba papo hapo, kikaamua chenyewe nani akatiwe, bila kuuliza mjini kwa mtandao. Kilitaka kuambiwa jambo moja tu: umeme ukipungua, nani awe wa mwisho kukatiwa? Mkutano ukaitwa. Kinyozi akasema, "Mimi." Mwenye mashine ya kusaga akasema, "Mimi." Kila mtu mimi, mimi! Basi wote wakawekwa wa mwisho, na kisanduku, kwa kukosa wa kumkatia, kikabaki kupiga kengele umeme ukipungua na kuonyesha jina la anayetumia umeme kupita wote.

Siku Mzee Shekiondo alipomwoza binti yake, mvua ikashika, mtandao ukakatika, betri zikaanza kuisha. Tangi limejaa pomoni! Bi Zamoyoni akapayuka mbele za watu, "Atakayeyaokoa maziwa haya, ng'ombe wangu mtamba ni wake!"

Kengele ikalia. Kila mtu akaisikia, kila mtu akasubiri mwenzake aende. Akaenda Chausiku, jirani yake Bi Zamoyoni. Akasoma jina la Mzee Shekiondo kwenye kisanduku, akakimbia matopeni hadi harusini. Mzee Shekiondo akazima muziki bibi harusi akiwa ndio kwanza anatoka ndani. Maziwa yakapona.

Kulipokucha, wote watatu mlangoni, kila mmoja na kamba yake.

"Dada, mtandao haukuwepo," akasema Mbwambo. "Bila kisanduku changu kinachopiga hesabu hapa hapa, mngejua nini?"

"Shangazi, kisanduku kina miguu?" akasema Chausiku. "Kengele waliisikia wote. Nani alitoka?"

"Mwanangu, hawa wamepoteza nini?" akasema Mzee Shekiondo. "Mimi wakwe wananicheka mpaka sasa."

Bi Zamoyoni akashika kichwa. Hakuwa na mtamba mwingine. Akimpa mmoja, wawili watanuna, na siku nyingine nani atahangaika?

"Jamani, mtaniua!" akasema.

Hapo hapo kengele ikalia tena. Fundi akamtazama Chausiku. Chausiku akamtazama mzee. Mzee akamtazama mtamba. Hakuna aliyeondoka.

Haya, nyinyi mlioketi mkisikiliza, msaidieni mama wa watu kabla maziwa hayajaganda: je, nani alistahili mtamba?