Kisima cha Ng'ambo ya Korongo

Sogeeni karibu, hadithi hii haitaki mtu akae peke yake.

Ng'ambo ya Korongo, kabla hapajawa mji, miongoni mwa waliohamia walikuwepo watu watatu. Sikujua, mwanamke aliyeolewa karibuni, alikuwa na masikio: akilaza sikio chini alisikia mchwa wakitafuna. Ng'wandu, ndugu wa mumewe, alikuwa na mikono. Wengine walipochoka na sururu, yeye ndipo alipoanza. Na Bi Rehani alikuwa na maneno. Angesema jua limekataa kuzama, ungetoka nje kutazama.

Zilikuwepo nyumba chache tu za udongo, za familia zilizoondolewa jijini kupisha reli. Maji yalikuwa chini korongoni, na korongoni alikuwamo chui. Alianza na mbuzi. Kisha akamchukua Mama Tunu akiwa na ndoo kichwani, mchana, wenzake wakiona. Tangu hapo watoto walifungiwa ndani, na Sikujua alipika huku akigeuka kutazama mlango mpaka shingo ikamuuma.

Ni yeye aliyezunguka akilaza sikio hapa na pale, mpaka nyuma ya nyumba ya Bi Rehani akayasikia maji yakipita chini. Ng'wandu akachimba. Shimo likazidi kimo cha mtu, na bado pakavu. Ndipo chui akapanda mpaka kwenye nyumba na kukwaruza mlango wa nyumba iliyojaa watoto. Kesho yake kila mtu alifunga mizigo. Mikokoteni ikashika njia ya jijini.

Sikujua aliinama ukingoni mwa shimo, Ng'wandu akiwa bado chini anachimba. Mumewe alikuwa ametangulia na mkokoteni.

"Shemeji, toka. Wote wanaondoka."

"Unayasikia bado?"

"Nayasikia."

"Basi niache kidogo."

Akapiga mtaimbo. Jiwe likapasuka, maji yakaruka, na ukuta wote wa shimo ukamwangukia.

Bi Rehani, aliyekuwa akifunga mlango wake, alisikia kishindo na kilio cha Sikujua, akaja, akatazama. Alijua kwamba akisema ukweli hakuna atakayerudi kwa ajili ya mtu ambaye huenda keshakufa. Akakata njia ya vichakani, akawatokea mbele.

"Rudini," alisema akihema. "Chui amelala njiani. Nimemwona kwa macho yangu."

Hakuwa ameona kitu. Lakini watu waligeuza mikokoteni na kurudi mbio.

Sikujua alikuwa ameteremka shimoni. Alilaza sikio juu ya udongo ulioanguka, akasikia pumzi: fupi, inakatika, inarudi. Akaanza kufukua kwa vidole pale pale. Mara punje za udongo zikamdondokea shingoni. Juu yake kitu kilikuwa kikitembea ukingoni, polepole, na kilipumua kama msumeno unaokata ubao mbichi.

Hakuinua kichwa. Kama angeliinua sikio, angeipoteza ile pumzi ya chini, na hakujua kama angeipata tena. Mkojo ulimtoka. Alifumba macho, akaendelea kufukua huku akisubiri uzito mgongoni.

Uzito haukuja. Zilikuja kelele za magurudumu na sufuria zikigongana, na kile kitu kikaruka kikatokomea. Watu walishuka na majembe, wakachimba alipowaonyesha, wakaufikia uso wa Ng'wandu, mikono yake imeukinga, maji yamemfika kidevuni. Mguu wake mmoja haukupona tena.

Ndipo mama mmoja akaona nyayo ukingoni.

"Bi Rehani, umetuleta kwa chui na watoto mgongoni. Je, kama angenichukulia mwanangu?"

Bi Rehani akaenda kuufungua mlango wake.

Mizigo ikafunguliwa. Habari za maji zikaenea, wakaja watu wa ukoo huu na ule, wapangaji, wachuuzi, shule, hospitali, barabara ya lami. Korongo likajengwa madaraja. Sasa mji huo umepandishwa hadhi, na halmashauri imeamua upewe jina la aliyeuanzisha. Jina moja tu. Wote watatu wako hai, wakaitwa.

"Jiwe nililipasua mimi, na mguu niliuacha mle," alisema Ng'wandu.

"Ungeuacha na roho," alisema Bi Rehani. "Watu walirudi kwa sababu yangu. Uongo ule nimeubeba mpaka leo, kila nikimwona yule mama."

Mwenyekiti akamgeukia Sikujua. "Na wewe, bibi?"

"Mimi bado nasikia kile kinachotembea juu," alisema Sikujua. "Jina halitakinyamazisha. Amueni wenyewe."

Wajumbe wakatazamana, wakashindwa, na kikao kikavunjika.

Haya, nyinyi mliokaa kimya: aliyeyasikia maji na hakuinua kichwa, aliyelipasua jiwe, au aliyedanganya akawarudisha watu? Mngeuita mji kwa jina la nani? Na atakayejibu haraka, atuambie pia angewatazama vipi wale wawili wengine.