Kadi Iliyokausha Ndiva

Hapo zamani, tena si zamani sana, maana wenyewe mpaka leo hawasalimiani, palikuwa na mwanamke wa Kipare aliyeitwa Namsifu. Kaeni vizuri. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, kwa sababu hadithi hii ina hasira.

Namsifu alikuwa mchoraji wa picha zinazotembea, anaishi Same mjini. Kijijini kwao, juu milimani, kulikuwa na ndiva, bwawa la kienyeji la kukusanyia maji ya kumwagilia mahindi na maharage. Ndiva ilikuwa imebomoka. Kikatangazwa kikao cha kugawa maji ya mto: ama kipewe kijiji kijenge upya ndiva yake, ama lipewe shamba kubwa la maua la bondeni. Kila upande ulete maelezo yake Alhamisi saa nne asubuhi. Watu wa maua walikuwa wanakuja na filamu. Mama Nakiete, mwenyekiti wa ndiva, akauliza nani atakisemea kijiji. Namsifu akasimama.

"Niachieni mimi," akasema. "Na sisi tutakwenda na filamu. Wataiona ndiva inajaa mbele ya macho yao."

Filamu ya namna ile inataka kompyuta yenye kadi kubwa ya picha, kile kipande cha ndani kinachochora picha za skrini na kula umeme mwingi. Basi wakaiunda nyumbani, kila mtu na kipande chake. Namsifu akanunua kadi. Kaka yake Mbonea akatoa kasha na skrini. Baba yao mdogo, Mzee Eliamani, akaleta pawa saplai, ile inayogawa umeme ndani ya kompyuta, akaikabidhi kwa mikono miwili.

"Hii inaendesha mashine yoyote," akasema. Kumbe aliing'oa kwenye kompyuta kuukuu ya ofisini kwake, ya kuchapia barua. Kibandiko cha nguvu zake kilishafutika, na yeye hakumuuliza mtu.

Wakamwita fundi, Ndekirwa, Mchaga wa Marangu, mtani wao. Mnawajua Wachaga na Wapare. Wanataniana mpaka msibani, na neno la mtani halikasirikiwi. Ndekirwa akaigeuza ile pawa saplai, akaona haina hata waya wa kuingia kwenye kadi. Akacheka mpaka akashika meza.

"Wapare bwana! Mmenunua ng'ombe wa maziwa, mnataka kumnywesha kwa kijiko!"

Wote wakacheka. Mzee Eliamani akacheka. Namsifu akacheka kuliko wote, akamjibu, "Na wewe Mchaga unataka tukanunue nyingine kwa shemeji yako, upate chako!" Ndekirwa akakaza skrubu, akamaliza chai yake, akaenda zake.

Wakawasha. Feni zikazunguka, skrini nyeusi. Wakazima, wakawasha. Nyeusi. Wakachomoa kadi, wakaifuta, wakairudisha. Nyeusi vilevile. Namsifu akalipiga kasha teke, akakaa chini akalia kwa hasira.

Mbonea akatoka, akarudi na waya wa kuungia: upande mmoja unashika nyaya ndogo za diski, upande wa pili unaingia kwenye kadi. Muuzaji alimwambia, "Kaka, huu ni wa kadi ndogo." Mbonea alisikia. Nyumbani hakusema. Akachomeka, skrini ikawaka, na Namsifu akamkumbatia kaka yake huku akiruka.

Siku kumi Namsifu akachora. Siku kumi kompyuta ikawa inajizimia yenyewe, mara moja, mara mbili kwa siku, na kila ikizima yeye anangoja ipoe, anawasha tena. Nakala ya kazi alisema ataitoa ikishakamilika.

Jumatano baada ya chakula cha mchana picha zote zikawa tayari, ikabaki kuziunganisha ziwe filamu. Akaiamuru kompyuta imalizie. Feni zikapiga kelele. Pakanuka plastiki inayoungua, pakalia pa!, na moshi ukajaa chumbani. Ule waya uliyeyukia ndani ya kadi. Pawa saplai ilikufa, ikafa na diski yenye kila kitu.

Alhamisi saa nne Namsifu alisimama kikaoni na mdomo mtupu. Watu wa shamba wakaonyesha maua yao. Maua yakapewa maji, miaka mitano.

Mama Nakiete akashuka mlimani, akaingia kwa Namsifu, akawakuta wote wanne, akakataa kiti.

"Watoto wetu watakula maua?" akauliza. "Sitaki kusikia habari za waya. Jumapili baada ya ibada, kijiji kitapokea ombi la msamaha. Mtu mmoja, na jani moja la isale mkononi, lile la kuombea radhi. Mkija mmeongozana, kila mmoja atajificha nyuma ya mwenzake, na mimi nitawafukuza. Na atakayelileta ajue kwamba ndiye tutakayemtaja kila jembe litakapogonga udongo mkavu."

Akaondoka. Waliobaki wakageukiana.

"Wewe ulijua!" Namsifu alimfokea Ndekirwa. Mtani hakasirikiwi, lakini siku ile alikasirikiwa. "Fundi mzima, ulijua, ukafunga skrubu ukanywa chai!"

"Nilisema mbele yenu wote!" Ndekirwa naye akawaka. "Mkacheka! Lini Mpare alimsikiliza Mchaga aliyenuna? Lugha niliyonayo kwenu ndiyo ile."

"Ungesema bila kucheka, mara moja tu!"

"Na wewe ungesikia bila kucheka, mara moja tu!"

Mzee Eliamani akapiga meza. "Mimi nilitoa nilichokuwa nacho. Fundi alikuwepo, wasomi walikuwepo. Mzee wa kuchapa barua ndiye ajue umeme wa kadi?"

"Kama ulikuwa hujui, kwa nini ulituapia kwamba inaendesha mashine yoyote?" Mbonea akamgeukia. "Baba mdogo, ungenyamaza tu tungeipima. Nani angethubutu kuipima baada ya wewe kusema?"

"Na wewe?" Namsifu akamrukia kaka yake. "Waya wako ndio ulioungua! Muuzaji ameniambia alikukanya!"

"Ulikuwa unalia chini!" Mbonea akapaza sauti. "Bila waya wangu hata picha moja usingeichora. Na siku kumi mashine inazima mbele ya macho yako, mimi nilikuwepo? Nani aliiwasha tena? Nani aliwaambia watu 'niachieni mimi'?"

Namsifu akaichukua kadi iliyoungua, akaibamiza mezani. Hasira ilikuwa imemjaa, na hakujua tena ampige nani.

Jumapili ikafika. Jani la isale lilikatwa, likawekwa mezani kando ya kadi iliyoungua. Wanne wakakaa kulizunguka, hakuna aliyemtazama mwenzake. Huko juu ibada ilishatoka, na watu walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa ndiva kavu, wanangoja.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msitazame chini. Yuko mzee aliyeapia asichokijua, yuko fundi aliyesema kweli kwa kicheko, yuko kaka aliyekanywa akanyamaza, na yuko Namsifu aliyebeba maji ya kijiji kizima akawa anaiwasha mashine tena na tena. Je, nani alistahili kulibeba jani lile?