Mdogo Wake wa Matambara

Wahenga walisema akiba haiozi, na wengi wakisikia hivyo hufikiria ghala na nafaka yake. Lakini iko akiba isiyoshikika kwa mkono, ambayo mtu huwekewa kichwani angali mdogo, pengine huku amenuna, wala asijue ataihitaji lini. Akiba ya namna hiyo alikuwa nayo fundi mmoja wa cherehani, ambaye wateja wake walimwita Bi Sindano.

Bi Sindano alikuwa kitindamimba wa watoto watano. Baba yake alikuwa msimamizi katika kiwanda cha mbao, na ndiye aliyefunzwa kuwahudumia wenzake walioumia kabla hawajafikishwa hospitali. Kila Jumapili, vyombo vya mchana vikishaoshwa, aliwakalisha wanawe sakafuni awafundishe nao. Mto wa mama ndio uliokuwa mgonjwa aliyezimia. Waliubonyeza kwa zamu, mara thelathini za harakaharaka na pumzi mbili, hadi mama akauliza mgonjwa huyo atapona lini ili naye apate pa kuweka kichwa.

Kwa somo la mtoto mchanga, mama alishona mwanasesere wa matambara. Binti huyo, aliyekuwa akililia mdogo wa kucheza naye, ndiye aliyekabidhiwa.

"Haya, mdogo wako huyo," baba alimwambia. "Amekabwa na kitu kooni. Hawezi kulia wala kukohoa. Utafanya nini?"

Kaka zake walicheka hadi mbavu zikawauma. Yeye alimlaza mdogo wake kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, akampiga makofi matano katikati ya mabega. Kisha akamgeuza chali, akambonyeza kifuani kwa vidole viwili mara tano. Akimaliza duru moja alimtupa chini akimbilie michezo yake, na kila mara baba alimrudisha.

"Umechoka wewe, mwanangu. Mwenzako bado hajapumua."

Alirudi shingo upande. Laiti angejua jinsi atakavyozitamani siku zile baadaye, pamoja na harufu ya maranda katika shati la baba na jua la alasiri lililojilaza mlangoni! Kaka zake walitawanyika kila mmoja na njia yake, baba akatangulia mbele ya haki, naye akashika cherehani ya mama.

Miaka arobaini ikapita. Asubuhi moja mwalimu wa shule ya jirani alikuja kujaribu gauni, akiwa na mtoto wake wa miezi tisa. Mtoto alianza kulia, na Bi Sindano akampa mkebe wa vifungo autikise. Ndivyo mama yake alivyombembeleza yeye, na ndivyo alivyowabembeleza watoto wa wateja miaka yote. Siku hiyo hakuukaza mfuniko.

Alikuwa akimpima mwalimu nyuma ya pazia mkebe uliponyamaza. Alichungulia, akaona vifungo vimetapakaa mkekani na mtoto ameachama, macho yamemtoka, hana hata sauti. Mwalimu aliruka na pini zake mwilini, akataka kumtia kidole kooni. Muuza viatu wa duka la pili akaja na kikombe cha maji. Bi Sindano aliwazuia wote wawili, kwani kidole kingekisukuma kifungo ndani zaidi na maji yasingekuwa na pa kupita. Alimwagiza muuza viatu aite gari la wagonjwa, akamlaza mtoto kifudifudi juu ya mkono wake.

Makofi matano hayakutoa kitu. Vidole viwili kifuani, mara tano, navyo havikutoa kitu. Midomo ya mtoto ilianza kugeuka bluu, na mama yake akaketi chini ameshika kichwa. Mkebe ulikuwa wake na uzembe ulikuwa wake, na mtoto wa watu alikuwa anamfia mikononi. Hapo ndipo aliposikia, kama mtu anayeongea nyuma ya bega lake, kwamba mwenzake bado hajapumua.

Akamgeuza tena, akarudia yote. Katika duru ya tatu, kwenye kofi la nne, kifungo cheupe cha shati kilidondoka sakafuni. Mtoto alivuta pumzi, kisha akalia kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyemnyamazisha.

Hospitalini daktari alimpima na kusema yu salama. Bi Sindano alimwomba mwalimu radhi bila kujitetea kuhusu mkebe.

"Nimekusamehe, mama," mwalimu alisema. "Ila nifundishe."

Jumapili iliyofuata, Bi Sindano alikuwa ameshona mwanasesere mpya kwa mabaki ya gauni lile. Mwalimu alikuja na mumewe, na muuza viatu hakukosa. Mwalimu alimaliza duru moja, akamweka mwanasesere chini.

"Umechoka wewe, mwanangu," Bi Sindano alimwambia, na machozi yakamlengalenga. "Mwenzako bado hajapumua."

Mdogo wake wa kwanza aliliwa na panya zamani, kiwanda kilibomolewa, na shati lile lenye harufu ya maranda halijulikani liliko. Alichowekewa kichwani kwa Jumapili zile kilikutwa kizima siku kilipohitajiwa. Hakika, akiba haiozi.