Petali Tupu ya Kidani cha Fukwani

Ilikuwa Alhamisi, mwezi kumi na saba Shaabani, saa kumi na nusu, watu wametoka kusali alasiri. Mwaka wazee hawakutuachia. Siku na saa wametuachia, kwa sababu hapo ndipo fedha ya mji wetu wa Fukwani ilipogeuka. Nitawaeleza polepole, mnisamehe. Tangu tulipotoka makaburini pumzi yangu ni fupi.

Kabla ya saa hiyo, fedha ya Fukwani haikuwa na ua hata moja. Masonara walifua bangili nene, pete na vikuku vyenye mistari, basi. Maua yalikuwa mahali pamoja tu, msikitini, kwenye mihirabu. Hapo ukutani palikuwa na vigae vya Kituruki, vyeupe kama maziwa, vyenye maua ya buluu na majani marefu yaliyopinda kama jambia. Nahodha mmoja alivileta kutoka Istanbuli baada ya kunusurika na tufani, akavitoa wakfu.

Nahodha huyo alikuwa na binti, Mwanashumi. Vigae vilipofika vilikaa kwanza nyumbani kwao, na mtoto ndiye aliyevifungua, akaviondolea majani makavu waliyovifungia. Kisha vikapelekwa msikitini. Wanawake wa Fukwani zamani hizo walisali majumbani, kwa hiyo hakuviona tena. Akakua, akaolewa na sonara Shee Kupa, wakakaa kwa wema.

Ukubwani Mwanashumi alishikwa na ugonjwa wa kifua. Mwili ukapungua, macho yakaingia ukungu. Tabibu alimwita Shee uani, akamwambia asiende mbali na nyumba. Asubuhi moja mgonjwa alisema, "Bwana, natamani kukigusa tena kile kigae chenye ua lililofunguka. Nilikilaza mapajani. Baridi yake naikumbuka mpaka leo."

Kigae kilikuwa wakfu, na kukibandua kungekivunja. Shee akaona njia moja tu, amfulie ua lile kwa fedha, liwe kidani, alivae kifuani. Alikuwa hajawahi kufua ua. Alivuta fedha mpaka ikawa uzi mwembamba, akaukunja na kuusimamisha juu ya bamba, ili kidole kiweze kuufuata kama jicho. Katikati ya nyuzi alitia unga wa kioo cha buluu, akauyeyusha kwa moto.

Lakini kila petali ya ua lile ilikuwa na umbo lake, na akitoka tu mlangoni mwa msikiti, umbo linamtoroka. Mkono wake ulizoea nyundo na koleo, kalamu haukuijua. Akaanza kwenda na kipande cha makaa. Sala ikiisha husogea mihirabuni, huchora petali moja kwenye kiganja cha kulia, maana yeye alitumia shoto, kisha hurudi nyumbani kiganja kikiwa wazi, kama mtu aliyebeba maji. Kila sala petali moja, maana udhu wa sala inayofuata huifuta ile ya kwanza. Na kila akirudi, husimama kwanza nje ya mlango wake kusikiliza kama mgonjwa anakohoa. Akisikia kikohozi, anamshukuru Mungu.

Hofu ile ilimfuata hata ndani ya sala. Siku moja imamu, Maalim Nuhu, alimzuia.

"Shee, leo macho yako yalikuwa wapi? Mahali pa kusujudia au ukutani?"

"Ukutani, Maalim."

"Basi sali tena. Halafu kaa ukitazame mpaka ushibe. Kigae hakina haraka."

"Mimi ndiye mwenye haraka, Maalim," Shee akasema. Akasali tena, machozi yakimtoka.

Kulikuwa na jambo jingine. Fukwani watu wakimaliza kusali hupeana mikono, na Shee alikuwa hampi mtu mkono. Watu wakaanza kunong'ona kwamba amenuna, kwamba ana kinyongo. Aliyeumia zaidi ni Famau, muuza halua, jirani na mwenzake tangu utotoni, mtu wa mzaha mwingi.

Ndipo ikafika Alhamisi hiyo. Petali ilibaki moja. Shee aliichora kwa uangalifu, akatoka haraka. Famau alikuwa amemvizia ngazini.

"Sonara! Kiganja chako siku hizi nacho ni cha fedha? Leo utanipa mkono, upende usipende!"

Akaudaka mkono wa kulia, akautikisa kwa nguvu, akicheka. Shee alipiga ukelele. Famau alipoachia, kiganja kilikuwa cheusi chote.

"Umenifuta, Famau! Umenifuta!"

"Nimekufuta nini, ndugu yangu?"

Shee aligeuka ili arudi mihirabuni. Hapo akasikia sauti ya Bi. Tuma, dada wa Mwanashumi, kutoka mwanzo wa kichochoro. "Shemeji! Wacha huko, njoo! Anakuita!"

Alisimama, mguu mmoja juu ya ngazi. Akirudi ndani atalikamilisha ua, na huenda asimkute mwenyewe. Akateremka, akakimbia.

Alikichukua kidani mezani kama kilivyo, akamvika. Mwanashumi alikuwa haoni tena. Alipeleka kidole taratibu juu ya nyuzi, petali baada ya petali, jani refu, tumba.

"Ndilo," alisema. "Ndilo hasa." Kisha kidole kikazama mahali pasipo kioo. "Na hapa?"

"Hapo bado, Mwana. Nipe mpaka magharibi nipajaze."

"Usipajaze. Kidole changu kimepata pa kukaa."

Akatamka shahada, kidole kikiwa palepale, akatulia.

Famau alikuja kutoa pole, akashindwa kuingia, akakaa kizingitini akilia. Shee alimfuata, akampa mkono mbele za watu.

Na tangu Alhamisi hiyo, fedha ya Fukwani ina maua ya Kituruki, na hakuna sonara wetu anayejaza petali zote. Moja huachwa tupu, upana wa ncha ya kidole. Wageni hudhani ni kasoro. Sisi huweka kidole pale tunapomkumbuka aliyetangulia, tukamwombea, kama ninavyofanya sasa.

Ewe Mola, mrehemu Mwanashumi binti nahodha, na mumewe, na Famau. Mrehemu na Somoe, mwanangu, mwenye kidani hiki. Msamehe makosa yake, mpanulie kaburi lake, mtie nuru humo, na sisi tuliobaki utupe subira. Amin.